Mita 20 za Mjomba

Pikipiki yangu ilikaa chini ya turubai miezi mitatu kabla sijaipanda. Ilikuwa mpya, cc 125, nyekundu, nailoni ya kiwandani bado imeng'ang'ania kwenye kiti. Mimi ni bibi shamba huku Mgeta, milima ya Uluguru, na wakulima wangu wametawanyika kwenye miteremko ambako gari halifiki. Siku ya kukabidhiwa nilisaini fomu tatu, nikapewa funguo mbili na kofia ngumu. Hakuna aliyeniuliza kama najua kuendesha, nami nikanyamaza kwa aibu. Nilimlipa kijana wa bodaboda anifikishie nyumbani. Kesho yake nikampigia simu kijana huyohuyo anipeleke kazini kwa pikipiki yake.

Aliyelifunua turubai ni mjomba. Sisi Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama, kwa hiyo mjomba akisema, amesema. Huyu wangu ametengeneza pikipiki Mzumbe kwa zaidi ya miaka 30. Alikuja kutujulia hali, akainua pindo la turubai kwa ncha ya bakora, akauliza, "Huyu marehemu ni wa nani?"

"Mjomba, naogopa."

"Afadhali. Asiyeogopa huwa simfundishi."

Jumamosi yake tulikutana kwenye uwanja wa mpira wa shule ya msingi. Siku ile injini haikuwashwa. Niliisukuma kuzunguka magoli, nikibana breki ya mbele kila aliposema "simama". Ina kilo kama 120. Ikiwa wima unaishika kwa vidole. Ikiinama kidogo inageuka gunia la mahindi. Kisha akailaza chini makusudi, akaniambia niinyanyue. Nilivuta usukani kwa mikono mpaka kiuno kikalia. Akanionyesha: ipe mgongo, kalio liegemee kiti, mkono mmoja ushike usukani na mwingine chuma cha nyuma, halafu rudi kinyumenyume kwa hatua fupi, miguu ndiyo inyanyue. Ikasimama. Pale ndipo nilipotambua nilichokuwa naogopa muda wote: kuanguka njiani na kushindwa kuinyanyua huku wakulima wangu wanatazama.

Siku ya pili tuliwasha. Mimi nilikuwa naogopa mkono wa kulia, ekseleta, kwa sababu ndiyo yenye kelele. Mjomba akanipeleka mkono wa kushoto, kwenye klachi. "Ukiibana, injini na tairi havijuani. Ukiiachia, vimeoana. Katikati hapo kuna mahali vinaposalimiana. Patafute." Gia ya kwanza, bila kuongeza mafuta, nikaiachia kwa unene wa kidole mpaka pikipiki ikaanza kujivuta, nikabana tena. Hatua moja mbele, simama. Mara 50. Ilizimika mara kumi na kitu. Na mara moja nilisahau kukunja stendi ya upande. Nilipokata kushoto ikachimba ardhi, nikaenda chini, watoto wa shule wakashangilia kama goli limeingia. Lakini tangu wiki ile, nikistuka popote, vidole vinabana klachi vyenyewe. Nguvu inakatika, nami napata nafasi ya kufikiri.

Ndipo zikaja mita 20. Mjomba alipanga chupa za maji zilizojazwa mchanga, akashika saa: nitoke hapa mpaka pale kwa kuchelewa kadiri niwezavyo, mguu usiguse chini. Nilitumia sekunde 8. Akacheka. Kukimbia kila mtu anaweza, alisema, kwa kuwa pikipiki yenye mwendo hujisimamisha wima yenyewe. Ukipunguza ndipo anayeisimamisha ni wewe. Kinachotakiwa ni klachi nusu, mafuta kidogo yasiyobadilika, na breki ya mguu inayoguswa tu, vyote kwa wakati mmoja. Kidevu juu, macho kwenye goli la mbali. Wiki mbili baadaye nilifikisha sekunde 21. Tukaingia kwenye namba nane, nikizunguka chupa mbili huku kichwa kimegeuka kutazama ninakotaka kwenda. Kila nilipoitazama chupa, niliigonga. Mashimo ya barabarani nayo ni hivyohivyo: ukiyakazia macho, umeshaingia.

Breki ndizo zilizokula siku nyingi kuliko yote. Mtaani nilikuwa nimeonywa nisiguse kabisa breki ya mbele, eti itanirusha. Mjomba alikasirika kusikia. Ukifunga breki, uzito unasogea mbele. Tairi la mbele linakandamizwa na kushika ardhi, la nyuma linabaki jepesi, tayari kuteleza. Kwa hiyo kazi kubwa ya kusimamisha ni ya mbele. Kinachoangusha watu ni kuikwapua ghafla, tena usukani ukiwa umekatwa, tena juu ya mchanga. "Wewe si unakamua mbuzi?" akaniuliza. Mgeta tunafuga mbuzi wa maziwa, na kila anayekamua anajua chuchu haikwapuliwi: kidole cha juu kinatangulia, vingine vinafuata, nguvu inaongezeka taratibu. Nikaikamua breki. Pikipiki ikainamisha pua, ikasimama imenyooka.

Baadaye nilisoma habari za utafiti wa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, uliotolewa mwaka 1981 baada ya ajali 900 za pikipiki kuchunguzwa kwa kina Los Angeles. Kati ya kila waendeshaji 100 waliopata ajali, 92 walijifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki. Wengi walipokutana na hatari walikanyaga mno breki ya nyuma mpaka tairi likateleza, ya mbele wakaitumia kidogo. Nami nimefundishwa na ndugu, kwa hiyo hesabu hiyo inanihusu. Bahati yangu ni kwamba ndugu huyu alinifundisha kusimama kabla ya kunifundisha kwenda.

Mwezi wa pili wa kujifunza, nikiwa na leseni ya mafunzo na kibao cha herufi L, tuliingia lami ya barabara ya Iringa, yeye akinifuata kwa pikipiki yake. Alichagua Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi, malori yakiwa machache. Hapo nilijifunza kukata kona nikiwa na mwendo. Unataka kushoto? Sukuma mbele mkono wa kushoto. Pikipiki italala kushoto na kukata. Kwa maneno inachekesha, lakini mwili unaikubali baada ya kona mbili tatu. Nikajifunza na hesabu. Ukienda kilomita 50 kwa saa, kila sekunde unakula karibu mita 14. Ukishangaa sekunde moja, mita 14 zimepita kabla kidole hakijagusa breki. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali ambao breki zinahitaji kukusimamisha unakuwa mara nne. Kwa hiyo gari la mbele likipita mti, nasema kimoyomoyo "elfu moja, elfu mbili". Nikiufikia mti kabla sijamaliza, nimelikaribia mno.

Msamvu, barabara za Dar es Salaam, Dodoma na Iringa zinapokutana, alinifundisha kuendesha kama mtu asiyeonekana. Usikae ubavuni mwa lori: kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni. Daladala ikisimama, tarajia mtu kuchomoka mbele yake. Gari likisubiri kuingia barabarani, tazama tairi lake la mbele, maana indiketa inaweza kudanganya na tairi haliwezi. Hurt naye alikuta kwamba katika ajali za pikipiki na chombo kingine, theluthi mbili zilitokana na dereva wa chombo kile kuingilia njia isiyo haki yake. Kuwa na haki ya njia hakuzuii kugongwa.

Mtihani wangu halisi ulikuwa njia ya nyumbani, kutoka Sangasanga kupanda Langali. Kupanda, shusha gia kabla mlima haujaanza, si katikati yake. Kushuka, usiweke frii hata kama unataka kubana mafuta: injini ikiwa ndani ya gia inakushikilia, na breki zinabaki baridi kwa dharura. Ikizimika mlimani, bana breki ya mbele, ingiza gia ya kwanza, achia klachi. Hapo imejifunga kama mbuzi kwenye kigingi, shuka upumue. Mvua ikinyesha, ule udongo wetu mwekundu unakuwa sabuni. Nikiweza nasubiri kwenye baraza la mtu. Nisipoweza, naenda gia ya pili, viwiko nimevilegeza, usukani nauacha ucheze kidogo. Boksi la chanjo ya kideri ya kuku nalifunga kwa mipira, chini na karibu na kiti, kwa sababu mzigo ukikaa juu au nyuma sana, tairi la mbele linakuwa jepesi na usukani unayumba.

Kila asubuhi natoa dakika chache kwa upepo wa matairi, mnyororo, oili, breki zote mbili, taa na honi. Kisha kofia, mkanda ukiwa umefungwa. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya mwendesha pikipiki kufa ajalini kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kofia iliyotundikwa kwenye kiwiko haimo katika hesabu hiyo.

Huu ni mwaka wangu wa pili barabarani. Turubai lile siku hizi naanikia maharage. Hofu haijaniacha, ila imehamia mahali pake: mchanga kwenye kona, lori linalorudi nyuma, mvua ya jioni. Pikipiki yenyewe siiogopi tena.

Kwenu mnaogawa pikipiki, iwe ofisi, kikundi cha vikoba au mzazi kwa mwanawe: kabla ya funguo, mpeni mtu huyo uwanja, chupa chache za mchanga na mwalimu mvumilivu. Nawe ambaye pikipiki yako bado imefunikwa uani, usianze na lami. Anza na mita 20. Siku utakayozimaliza kwa sekunde 20 bila mguu kugusa chini, nenda kaombe leseni.