Je, Wajua? Betri ya Kuchaji Huzeeka Hata Isipotumika

Mjini Bunia, tochi, redio na mashine za kunyolea mara nyingi huchajiwa kwa sola au jenereta. Umeme ukipatikana, kila kitu hujazwa hadi mwisho. Si kila betri hufaidika na haraka hiyo.

Betri ya lithiamu-ayoni, ambayo kampuni ya Sony iliiingiza sokoni mwaka 1991, huchakaa upesi zaidi inapokaa imejaa kabisa mahali pa joto. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni ya wastani, lakini chini ya bati saa nane mchana ni habari nyingine. Taa ya sola yenye paneli ya waya hukaa kivulini; paneli peke yake ndiyo huanikwa. Kifaa kitakachokaa miezi bila kazi huhifadhiwa kikiwa na chaji kama nusu. Kuimaliza betri hadi izime ndipo ichajiwe hakuna faida: ni desturi iliyobaki tangu enzi za betri za nikeli-kadimiamu.

Tochi nyingi za bei nafuu, zile nzito zenye plagi ya kuchomoza, zina betri ya risasi na asidi. Betri hiyo ni kinyume. Ikiachwa tupu wiki kadhaa, sulfati huganda kwenye bamba zake na chaji haiingii tena. Hivyo hujazwa kila baada ya kutumika.

Betri iliyovimba haichajiwi, haitobolewi, wala haitupwi motoni.