Fiksi Yako Inamaliza Tairi Kila Mwezi? Hesabu Meno Kwanza

Kama una fiksi hapa Nairobi, hii story unaijua. Umebuy tairi mpya, ukapiga picha, ukaweka Insta. Wiki chache baadaye unacheki gurudumu la nyuma unapata mahali pamoja pameliwa hadi nyuzi zinachungulia, na kwingine kote tairi bado ni mpya. Unaanza kumtusi mwenye duka. Tulia kwanza, pengine hana makosa.

Mimi nilijua hii maneno kwa njia mbaya. Nilikuwa nateremka Valley Road, taa ikashika nyekundu, nikaskidi kama kawaida yangu. Tairi ya nyuma ikapasuka, na breki sikuwa nayo. Niliishia kwa ukingo wa barabara na goti limechunika, wasee wa nduthi wakiniinua huku wananicheka. Kile kipande cha tairi kilichopasuka ndicho nilikuwa nakikwaruza kila siku bila kujua.

Sikia vile inafanya. Kwa fiksi, gurudumu la nyuma likizunguka, pedeli nazo zinazunguka. Ukitaka kuskidi unaegemea mbele, unakaza miguu, na wengi wetu hukaza tukiwa na mguu ule ule mbele. So pedeli husimama pale pale kila mara. Sehemu ya tairi itakayogusa lami inaamuliwa na meno ya gia.

Hesabu meno ya mbele na ya nyuma. Tuseme ni 48 na 16. Gawanya, unapata 3 kamili. Pedeli zikizunguka mara moja, gurudumu limezunguka mara tatu na kurudi lilipoanzia. Hiyo ni kumaanisha kila skidi yako inakula sehemu moja tu. Ukiwa na 46 na 16, rahisisha ile hesabu ya darasa la tano: inakuwa 23 kwa 8, so una sehemu 8. Ukiwa na 48 na 17, hakuna kinachogawanyika, una sehemu 17. Tairi ni ile ile, lakini maisha yake yamebadilika kabisa.

Kwa hivyo kabla utoe doo ya tairi, uliza fundi wako bei ya gia ya nyuma ya meno 17. Kukanyaga kunakuwa kwepesi kidogo, na mara nyingi cheni ya zamani inatosha, unasongesha tu gurudumu mbele kiasi. Kama uko sota kwa sasa, toa upepo, zungusha tairi robo kwa rimu, kisha jaza tena. Sehemu ingine itaanza kuumia, ile ya kwanza ipumzike.

Sasa tukienda kununua, cheki hizi vitu:

1. Saizi. Soma nambari ya pembeni. Fiksi nyingi hutumia 700C, na utaona imeandikwa 622 mwishoni, kama 28-622. Lakini kama ulijijengea fiksi kwa fremu ya mtumba ya zamani, rimu inaweza kuwa ya inchi 27, ambayo ni 630. Kwa macho zinafanana, lakini ile tofauti ya milimita 8 inatosha tairi ikatae kuingia.

2. Upana. Kama fremu inaruhusu, chukua 28 badala ya 23. Inabeba upepo mwingi zaidi na inavumilia mashimo.

3. Ulinzi wa ndani. Tairi kama Schwalbe Marathon au Continental Gatorskin ziko na tabaka la kuzuia vioo, misumari na miiba ya michongoma. Zile nyepesi za mashindano hutengenezwa kwa mwendo, na skidi zinazimaliza haraka.

4. Umri. Kama ni ya mtumba, ikunje kwa mkono. Ukiona nyufa, raba imeshakauka. Rudisha, hata kama ni ya bei ya kutupa.

Ukishaifunga, weka upepo kulingana na nambari zilizoandikwa pembeni. Upepo ukiwa kidogo, shimo moja tu la barabarani linabana tyubu kwa rimu, unapata matundu mawili kama umeumwa na nyoka.

Pia, wengi huweka tairi mpya nyuma kwa sababu nyuma ndiko kunaisha. Geuza. Tairi ya mbele ikipasuka, wewe uko chini kabla ujue nini imefanyika. Mpya iende mbele, na ile iliyokuwa mbele irudi nyuma ukaiskidi hadi iishe. Siku utaona nyuzi, hata kama ni uzi mmoja, hiyo tairi usipande nayo tena.

Na maze, weka breki ya mbele. Najua utasema inaharibu muonekano. Lakini bila hiyo, tairi ya nyuma na miguu yako ndio breki yote uliyo nayo, na mathree ikikukatia Ngong Road haitangoja ukumbuke tairi imeisha wapi. Mimi yangu niliweka wiki ile ile goti lilipona.

Leo jioni ukifika keja, geuza hiyo fiksi juu chini, hesabu meno, kisha zungusha gurudumu polepole ukipapasa tairi. Ukipata mahali laini kuliko kwingine, umeshapata jibu.