Pikapu Iliyotumika: Ipime Injini Asubuhi, Ikiwa Baridi



Majira ya maembe yakikaribia, wengi wenu wa skimu mnaofika ofisini kuuliza habari za mbegu na dawa huwa na swali moja jingine kabla ya kuondoka: "Karani, nataka kununua pikapu iliyokwisha tumika. Ni injini gani isiyosumbua?" Swali hilo ni la maana, kwa sababu pikapu ni chombo cha shamba kama plau au tangi la maji. Mwezi huu nitalijibu kwa urefu.

Kwanza niungame kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita mjomba wangu aliuza ng'ombe watatu, akaongeza fedha za maembe za msimu mzima, ili anunue pikapu ya tani moja. Alinichukua mimi kwa kuwa nilisomea ualimu. Mwenye gari alitwambia tufike saa nne. Tulipofika, gari lilikuwa linanguruma uani, limeoshwa, linang'aa. Mjomba alikagua magurudumu. Mimi nikaandika mapatano kwa mwandiko wa ubaoni, kila jina mahali pake, lakini sikuinua boneti. Hakuna kati yetu aliyeuliza kwa nini injini ilikuwa imekwisha pata moto kabla hatujafika.

Wiki ya tano, likiwa limejaa kreti za maembe, gari lilikufa mlimani likielekea Kyumbi. Maembe yalioza kando ya barabara. Fundi alipofungua injini alikuta ringi zimekwisha na silinda zimelika. Ugonjwa huo haukuanza kwetu. Ulikuwapo siku ile ya mapatano, na ungeonekana kama tungefika mapema. Ndiyo sababu naandika.

KWA NINI ASUBUHI?

Chukua pampu ya baiskeli, pampu gurudumu kwa nguvu, kisha shika upande wa chini wa pampu. Utaona imepata moto. Hewa ikibanwa, hupata joto. Mhandisi Rudolf Diesel wa Ujerumani aliitumia kanuni hiyo, na mwaka 1897 injini yake ilifanyiwa majaribio na kufaulu. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni huibana hewa ndani ya silinda mpaka nafasi yake ipungue mara 15 hadi 22. Hewa hiyo huwa ya moto sana, dizeli ikirushwa ndani huwaka yenyewe.

Basi fikiri. Ringi au valvu zikiwa zimelika, hewa huvuja na haibanwi sawasawa, joto halitoshi. Injini ikiwa tayari na moto wake, upungufu huo hujificha. Ikiwa imelala usiku kucha katika baridi, kama ile ya Kyumbi mwezi wa Julai, haina pa kujificha. Kwa hiyo mwambie mwenye gari: "Nitafika saa kumi na mbili na nusu, tafadhali usiliwashe." Ukifika, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ina moto, sema kwa adabu kwamba utarudi kesho. Akikataa, amekujibu.

MAMBO YA KUPIMA, MOJA MOJA

1. Oili kabla ya kuwasha. Vuta kijiti cha kupimia. Oili nyeusi katika dizeli ni kawaida, usitishike. Lakini ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa imepita alama ya juu na inanuka dizeli, dizeli inavuja ndani. Ikiwa nzito kama asali, uliza sababu, maana wako wanaotia oili nzito ili kunyamazisha injini iliyochoka.

2. Maji ya rejeta. Fungua kifuniko injini ikiwa baridi tu. Usifungue kamwe ikiwa na moto, maji hayo huunguza uso. Utando wa mafuta juu ya maji ni dalili ya gasketi ya hedi, au hedi yenyewe kupasuka. Maji ya kutu yaonyesha kwamba gari halikutunzwa.

3. Kuwasha. Ngoja taa ya hita izimike, kisha washa. Injini nzima huwaka baada ya nukta chache. Ikihitaji kusukumwa, au starta ikizunguka mpaka betri ichoke, kuna ugonjwa. Huenda ikawa ni hita tu, ambazo si ghali, lakini huenda ikawa ni kompresheni. Fundi ndiye atakayeamua.

4. Moshi. Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi si neno. Ukiendelea, na una harufu kali ya dizeli, basi dizeli haiungui yote. Moshi wa buluu ni oili inayoungua: ringi, valvu au turbo. Moshi mweusi ni dizeli nyingi na hewa kidogo, pengine chujio la hewa limeziba au nozeli zimechoka. Kati ya hizo tatu, buluu ndiyo ya kuogopa zaidi.

5. Kupumua. Injini ikinguruma polepole, legeza kifuniko cha kutilia oili. Mvuke mdogo ni kawaida. Lakini kifuniko kikirukaruka kama cha sufuria ya githeri inayochemka, hewa inapita kando ya pistoni. Hii ndiyo dalili ambayo mjomba na mimi tungeiona kwa dakika moja.

6. Mzigo. Gari tupu kwenye tambarare halisemi kitu. Omba ruhusa, pakia magunia machache, upande mlima unaoujua wewe mwenyewe. Wakulima wa Mua hawana haja ya kutafuta mbali. Tazama mshale wa joto. Ukipanda bila kukoma, usinunue.

7. Kuwasha tena. Ukirudi, zima, ngoja kidogo, washa tena. Pampu ya dizeli iliyolika yaweza kuwasha injini ikiwa baridi ikakataa ikiwa na moto. Kwa hiyo asubuhi peke yake haitoshi. Inaanza kazi, na kuwasha huku kwa pili kunaimaliza.

Ukiridhika na hayo yote, mlipe fundi wako mwenyewe, si wa mwenye gari, apime kompresheni ya kila silinda. Silinda zikipishana sana, injini hiyo inakaribia kufunguliwa.

SASA, INJINI GANI?

Injini za pikapu zinazouzwa kwetu zaweza kugawanywa katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni dizeli za zamani, zisizo na kompyuta. Katika Toyota Hilux kuna 2L, 3L na 5L, zenye ujazo wa sentimita 2,446, 2,779 na 2,986. Isuzu ina 4JA1 ya 2,499, na Nissan ina TD27 ya 2,663. Hazina mbio mlimani, lakini fundi wa kando ya barabara mwenye spana na akili huzielewa. Hasara yake ni umri. Tena zile za Toyota hazivumilii kuchemka hata mara moja. Hedi hupinda au kupasuka. Nazo hutumia mkanda wa ndani unaoendesha valvu, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Asiye na risiti ya mkanda, mhesabie hana. Weka kando fedha za mkanda mpya siku hiyo hiyo.

Fungu la pili ni dizeli zenye turbo na kompyuta: Toyota 2KD ya 2,494 na 1KD ya 2,982, Isuzu 4JK1 ya 2,499 na 4JJ1 ya 2,999, na Nissan YD25 ya 2,488. Hizi zina nguvu na hazinywi sana. Lakini dizeli ndani yake husukumwa kwa nguvu inayozidi mara 1,000 ya msukumo wa hewa tunayovuta, kupitia matundu membamba mno. Uchafu mdogo au maji huharibu nozeli, na nozeli zake ni ghali.

Ni kweli dizeli ya Kenya imekuwa safi zaidi tangu mwaka 2015, salfa ilipopunguzwa hadi sehemu 50 katika milioni. Mwaka 2018 Serikali ilitoza ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa, ili kuwazuia wanaoyachanganya na dizeli. Lakini ushuru hauwezi kusafisha mtungi wako wa shambani wenye mchanga. Ukiwa na injini ya fungu hili, jaza kwenye kituo unachokiamini na ubadilishe chujio la dizeli kwa wakati. Siku ya kununua, fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta aisome.

Kila moja ina udhaifu wake. Katika 1KD za miaka ya mwanzo, pete za shaba chini ya nozeli huweza kuvuja. Masizi huingia katika oili na kuziba chujio lililo chini ya injini, nayo hufa kwa kukosa oili. Uliza kama pete hizo zimebadilishwa. Katika YD25 za miaka ya mwanzo, sikiliza mnyororo wa mbele. Ukilegea hugonga injini inapowaka baridi. Hapo tena asubuhi yatusaidia.

Kwa mizigo mizito kweli kuna Land Cruiser yenye 1HZ, silinda sita, sentimita 4,164, bila turbo. Ni mvumilivu sana, lakini bei yake na unywaji wake vyafaa kikundi au chama cha ushirika kuliko mtu mmoja.

Ukiniuliza nichague, nitakuuliza kazi yako. Kama unabeba mizigo shambani na kufika Kyumbi au Machakos tu, dizeli ya zamani iliyo nzima inatosha. Kama unakwenda Nairobi kila siku, chukua ya fungu la pili, ila yenye risiti za matengenezo. Pia tazama spea. Pikapu za Isuzu zimeunganishwa Nairobi kwa miaka mingi na General Motors, kampuni ambayo tangu mwaka 2017 yaitwa Isuzu East Africa, kwa hiyo spea zake si za kutafuta kwa tochi. Lakini kumbuka: jina la injini ni kama jina la ukoo. Laweza kuwa jema, wala halituonyeshi kama mtoto huyu alilelewa vizuri.

KARATASI

Namba ya injini na namba ya chesisi zisomwe kwenye chuma, kisha zilinganishwe na logibuku. Tafuta habari za gari katika mtandao wa NTSA, uone mwenyewe ni nani na kama kuna benki inayolidai. Injini iliyobadilishwa si dhambi, ila lazima mabadiliko hayo yawe yameandikishwa. Usiamini mileji peke yake, kwa maana yaweza kurudishwa nyuma, amini risiti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

HESABU YA MWISHO

Tufanye hesabu kama darasani. Pikapu ya kwanza yauzwa shilingi 950,000, injini nzima. Ya pili yauzwa 800,000, nayo inapumua. Mnunuzi husema, "Nimeokoa 150,000." Tuseme kufungua injini ni 180,000. Tuseme tena gari linalala gereji siku 30 katika majira ya maembe, nawe unakodi gari la mwingine kwa 4,000 kwa siku: hiyo ni 120,000. Jumla, 1,100,000. Ile ya bei nafuu imekuzidi 150,000, na bado sijahesabu maembe yaliyooza. Weka bei za kwenu mahali pa hizi zangu, kisha utoe jibu kabla ya kutoa fedha.

Mjomba alikaa misimu mitatu bila gari. Aliponunua jingine tulifika kwa mwenyewe alfajiri, mtu wa watu akiwa bado anapiga mswaki. Mjomba alipita moja kwa moja, akaweka kiganja juu ya boneti, akanyamaza kidogo, ndipo akageuka na kumwamkia. Gari hilo bado linashuka Kyumbi na maembe yake.

Nawe fanya hivyo. Salamu zaweza kungoja dakika moja.