Tahadhari kabla ya kung'oa shafti za mbele

MLIO wa ko-ko-ko gari linapokata kona aghalabu huashiria kuchakaa kwa jointi ya nje ya shafti. Anayekusudia kuing'oa nyumbani aanze kwa kulegeza nati kubwa ya katikati ya gurudumu gari lingali chini, mwenzake akikanyaga breki. Nati hiyo hukazwa kwa nguvu nyingi mno. Kupambana nayo gari likiwa juu ya jeki kunaweza kuliangusha. Jeki pekee haiaminiki kamwe, weka stendi.

Kisha mwaga oili ya giaboksi, tenganisha mkono wa chini na kitovu cha gurudumu, shafti ichomoke. Upande wa giaboksi, ibanduliwe kwa mtaimbo mdogo. Ukiivuta kwa kushika ncha ya nje, jointi ya ndani hufumuka.