Jumapili Saa Mbili Usiku: Nani Anauza Historia Japani

Kila Jumapili saa mbili usiku, NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani, hurusha sehemu moja ya tamthilia ya historia. Ni dakika 45 tu, lakini hurudi wiki baada ya wiki, kwa kawaida kuanzia Januari hadi Desemba, na mwaka mzima huwa wa mhusika mmoja: jemadari wa karne ya 16, mwanamke mwandishi wa ikulu, au mwenye benki. Wajapani huziita tamthilia hizo Taiga. Ya kwanza ilianza Aprili 1963 na ilimhusu Ii Naosuke, kiongozi wa serikali ya shogun aliyeuawa mwaka 1860 nje ya lango la kasri la Edo, jiji ambalo leo ni Tokyo. Tangu hapo mfululizo huo haujakatika.

Kwa mfanyabiashara, jambo la maana ni kwamba mhusika hutangazwa mapema, mara nyingi mwaka mmoja au zaidi kabla ya sehemu ya kwanza kuonekana. Mchapishaji anapata muda wa kumtafuta mwanahistoria amwandikie kitabu, na wa kuitoa ghalani riwaya ya zamani na kuivalisha jalada jipya. Mkoa alikotoka mhusika nao hukarabati mahekalu, huchapa ramani za watalii na kufungua jumba la maonyesho la mwaka mmoja, lenye mavazi na vifaa vilivyotumika kwenye upigaji picha. NHK yenyewe haiuzi matangazo. Huendeshwa kwa ada ya kaya zenye televisheni, ambayo tangu Oktoba 2023 ni yen 1,100 kwa mwezi kwa matangazo ya kawaida, chini ya dola 10. Kwa hiyo NHK hupanda, na mavuno makubwa ya kibiashara huenda kwa wengine.

Na mavuno yapo. Mwaka 2010 tamthilia ya Ryomaden ilisimulia maisha ya Sakamoto Ryoma, samurai wa ngazi ya chini kutoka Tosa, mkoa ambao leo unaitwa Kochi. Tawi la Benki Kuu ya Japani mkoani humo lilikadiria kuwa tamthilia hiyo iliuletea mkoa manufaa ya yen bilioni 53.5. Kwa hesabu za namna hiyo, haishangazi kuona mameya wakifunga safari hadi NHK kumwombea mtu wao mwaka wake. Miji yenye uhusiano na Akechi Mitsuhide, jemadari aliyemgeuka bwana wake Oda Nobunaga mwaka 1582, ilipiga kampeni kwa miaka hadi alipopewa mwaka 2020. Mwaka huo huo korona ikasimamisha kazi ya kamera, mwisho wa tamthilia ukasogezwa hadi Februari 2021, na safari nyingi za wageni zikafutwa.

Idadi ya watazamaji imeshuka sana kwa kipimo cha zamani. Mwaka 1987 tamthilia ya Date Masamune, jemadari mwenye jicho moja, ilipata wastani wa asilimia 39.7 ya kaya za eneo la Tokyo. Mwaka 2019 ile ya Olimpiki, Idaten, ilipata asilimia 8.2. Lakini kipimo hicho ni cha watu waliokaa sebuleni saa ileile. Siku hizi wengi huangalia baadaye kwenye simu, wakiwemo wanaolipia kifurushi cha NHK cha yen 990 kwa mwezi, na mtu mwenye simu mkononi ndiye mteja bora wa kitabu. Jina la mhusika likimvutia, analitafuta pale pale kabla tamthilia haijaisha. Atakachokikuta, na kwa bei gani, huamuliwa na sheria mbili, na hapo ndipo biashara hii inapostahili kuangaliwa kwa karibu.

Sheria ya kwanza inahusu bei. Japani, kitabu cha karatasi huuzwa kwa bei moja nchi nzima. Marekebisho ya sheria ya kuzuia ukiritimba ya mwaka 1953 yaliwapa wachapishaji ruhusa ya kupanga bei ya rejareja, na duka la Hokkaido haliwezi kupunguza kile ambacho duka la Tokyo linauza kwa bei kamili. Mfumo huo umeyalinda maduka madogo ya vitabu kwa muda mrefu. Kitabu cha kidijitali hakimo. Kwa tafsiri ya Tume ya Ushindani, hicho ni taarifa inayopita mtandaoni, si bidhaa iliyotajwa katika sheria, hivyo muuzaji anaweza kushusha bei atakavyo. Ndiyo maana riwaya ileile ya kihistoria inayouzwa kwa bei kamili rafuni huonekana kwa nusu bei kwenye simu, hasa msimu wa tamthilia. Amazon ilipofungua duka la Kindle nchini humo Oktoba 2012, na ilipoleta mpango wa kusoma bila kikomo kwa yen 980 kwa mwezi Agosti 2016, ilipitia mlango huo huo.

Sheria ya pili ni ya hakimiliki, na hii ndiyo inayoamua ni mwandishi gani wa kihistoria atasomwa bure na yupi atalipiwa. Yoshikawa Eiji ndiye mfano ulio wazi kuliko yote. Riwaya yake kuhusu mpiga upanga Miyamoto Musashi ilitoka katika gazeti la Asahi kati ya 1935 na 1939, ikasomwa na taifa zima. NHK imetengeneza Taiga nne kutokana na vitabu vyake: 1965, 1972, 1991 na 2003. Alifariki Septemba 1962. Ilipofika 2012, sheria ya Japani ililinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, kwa hiyo tarehe 1 Januari 2013 vitabu vyake vyote vikawa mali ya umma.

Kilichofuata kilifanywa na watu wa kujitolea. Tangu 1997 Japani ina maktaba ya mtandaoni iitwayo Aozora Bunko, iliyoanzishwa na Tomita Michio na wenzake. Haina mishahara ya waandishi wala duka. Mtu huchukua kitabu cha karatasi, akakichapa herufi kwa herufi, na mtu mwingine akasoma prufu. Ukifungua sehemu yoyote ya Musashi na kushuka hadi mwisho, baada ya sentensi ya mwisho ya riwaya utakuta mistari michache: toleo lililotumika, ambalo ni la Kodansha, mwaka wa toleo hilo, aliyechapa, aliyesoma prufu, na tarehe faili lilipowekwa na kusahihishwa. Herufi ngumu za kanji zimewekewa matamshi kwa alama maalumu, ili programu yoyote iweze kuyaonyesha juu ya herufi. Riwaya hiyo ina sehemu kuu saba na kurasa zaidi ya elfu, na yote imepita mikononi mwa watu hao. Leo maktaba hiyo ina kazi zaidi ya 17,000.

Yeyote anaruhusiwa kuchukua maandishi hayo na kuyauza. Wajasiriamali wadogo wameyakusanya, wakayawekea yaliyomo na jalada, na kuuza kazi zote za mwandishi mmoja kama faili moja kwa bei isiyofika yen 300, chini ya bei ya kikombe cha kahawa mgahawani. Wapo wanaolalamika kuwa hiyo ni kuuza jasho la wengine. Nadhani hawako sahihi. Anayenunua analipia urahisi wa kupata mamia ya faili yakiwa yamepangwa, na anayetaka bure bado anayo njia yake. Kodansha nao hawajaacha kuuza Yoshikawa wa karatasi, maana kuna wasomaji wanaopenda kitabu cha kushika.

Mlango uliomruhusu Yoshikawa kupita ulifungwa miaka michache baadaye. Yamamoto Shugoro, ambaye riwaya yake kuhusu ugomvi wa ukoo wa Date ilikuwa msingi wa Taiga ya mwaka 1970, alifariki Februari 1967. Kazi zake zikawa huru tarehe 1 Januari 2018, pamoja na za wenzake waliofariki mwaka uleule, na kundi hilo likawa la mwisho. Tarehe 30 Desemba 2018 mkataba wa biashara wa nchi 11 za Pasifiki ulianza kufanya kazi, na Japani ikaongeza ulinzi kutoka miaka 50 hadi 70. Waandishi waliofariki 1968 walikuwa wamebakiwa na siku mbili tu. Sasa watasubiri hadi Januari 2039, na kwa miaka 20 hakuna mwandishi mpya anayeingia kwa njia ya kutimiza miaka yake. Osaragi Jiro, aliyeandika riwaya ya ronini (samurai wasio na bwana) wa Ako iliyokuwa Taiga ya pili mwaka 1964, alifariki 1973. Kwa sheria ya zamani angekuwa huru 2024. Sasa ni 2044.

Wanaotetea nyongeza hiyo husema inawapa familia za waandishi haki yao na kuilinganisha Japani na Ulaya na Marekani. Kwa riwaya zinazouzwa bado, hoja hiyo ina uzito. Shiba Ryotaro, aliyefariki 1996 na ambaye vitabu vyake vimezaa Taiga sita, anauzwa vizuri mpaka leo, na warithi wake wanapata chao. Lakini kwa kila Shiba mmoja kuna waandishi kadhaa wa riwaya za kihistoria ambao hakuna mchapishaji anayewachapa tena. Hao hawaingizii familia hata yen moja, na Aozora haiwezi kuwagusa. Kwa kipimo chochote cha biashara, hiyo ni mali iliyofungiwa chumbani bila mpangaji.

Tusiipambe picha kupita kiasi. Mwaka 2023 soko la machapisho ya kidijitali Japani lilifikia takribani yen bilioni 535, na asilimia 90 ya fedha hizo ilikuwa manga. Vitabu vya maandishi vilipata karibu asilimia 8. Riwaya ya kihistoria kwenye simu ni kona ndogo ya soko hilo, na wapo watakaosema haistahili kurasa za biashara. Ninaona kinyume. Kona hiyo hupata wateja wapya kila Januari bila kugharamia tangazo hata moja, na kile inachouza mara nyingi kilikwishaandikwa miaka 60 au 1,000 iliyopita.

Elfu moja si kutia chumvi. Mhusika wa mwaka 2024 alikuwa Murasaki Shikibu, aliyeandika Hekaya ya Genji mwanzoni mwa karne ya 11. Kijapani chake cha kale hakisomeki kwa mtu wa kawaida leo. Mtazamaji aliyetaka tafsiri ya Kijapani cha sasa aliikuta ya mshairi Yosano Akiko bure, kwa sababu Yosano alifariki 1942, na ya Tanizaki Junichiro imo katika mali ya umma tangu 2016. Tafsiri mpya ya Kakuta Mitsuyo ni ya kununua. Hapo kuna bei ya kila mfuko, na mtu anaweza kuanza na ya bure, akavutiwa, kisha akanunua ya kisasa.

Mwaka 2021 ulikuwa wa Shibusawa Eiichi, mtoto wa mkulima kutoka Fukaya aliyeanzisha benki ya kwanza ya kisasa nchini humo mwaka 1873 na kushiriki kuanzisha kampuni zipatazo 500. Sura yake iko kwenye noti ya yen 10,000 tangu Julai 2024. Kitabu chake kuhusu maadili ya Konfusio na biashara kilitoka 1916, naye alifariki 1931. Matoleo ya bei nafuu ni mengi, na yaliyoandikwa upya kwa lugha rahisi hununuliwa na wafanyakazi vijana wa maofisini, kwa bei ya kawaida.

Na vitabu vya bei ndogo havikuletwa na simu. Taiga ya 2025, Berabou, ilimhusu Tsutaya Juzaburo, mchapishaji wa Edo aliyefariki 1797 baada ya kutoa picha za wachoraji Utamaro na Sharaku, na baada ya serikali kutaifisha nusu ya mali yake mwaka 1791 kwa vitabu ilivyoviona vinapotosha. Wakati huo kitabu kilikuwa ghali kwa fundi seremala au mjakazi. Wachuuzi walibeba mizigo ya vitabu mgongoni, wakapita nyumba kwa nyumba kuvikodisha kwa siku chache. Mwaka 1808 Edo ilikuwa na wakodishaji 656. Malipo ya yen 980 kwa mwezi kwa Amazon ni biashara ileile.

Sisi pia tunaijua nusu ya kwanza ya biashara hii. Watazamaji wa Azam TV wanaikumbuka Sultan, tamthilia ya Kituruki kuhusu Suleiman aliyetawala kuanzia 1520 hadi 1566, iliyoingizwa sauti za Kiswahili na kuzungumzwa hadi sokoni. Nusu ya pili, kitabu cha Kiswahili cha bei ndogo kinachomsubiri mtazamaji usiku uleule, bado ni dhaifu. Malighafi haikosekani. Shaaban Robert alifariki Juni 1962, miezi michache kabla ya Yoshikawa. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa miaka 50 baada ya kifo, na kwa hesabu hiyo kitabu chake Kusadikika, kilichotoka 1951, kilifikia ukomo siku ileile na Musashi. Yaliyofanyika Japani baada ya siku hiyo yalihitaji watu wa kuchapa, wa kusoma prufu, na mahali pa kuweka faili ambapo kila mtu anapajua.

Huko Japani, mwaka 2026 umepewa Toyotomi Hidenaga, mdogo wake jemadari Hideyoshi, aliyemsaidia kaka yake kuitwaa nchi. Anayetaka kusoma habari za kaka ana riwaya ndefu ya Yoshikawa, bure, kwa sehemu zote. Anayemtaka mdogo mtu atakutana na riwaya ya Sakaiya Taichi ya mwaka 1985, iliyomtazama Hidenaga kama msaidizi hodari wa kiongozi na kupendwa sana na watu wa kampuni. Sakaiya alifariki Februari 2019. Kitabu chake kitalipiwa hadi mwisho wa 2089.