GPS ya Gofu: Kedi wa Kibera na Kawangware, Shika Hii Rada Kabla Utoe Ganji

Kuna wasee wa Kibera hawahitaji mathree kuenda job. Wanatoka keja, wanakata vichochoro za mtaa, na ng'ambo ya ua ni Royal Nairobi Golf Club, klabu imekuwa hapo tangu 1906. Wengine wa Kawangware na Kangemi wanapanda kuelekea Kabete kwa Vet Lab, ama wanashika Waiyaki Way hadi Sigona. Kazi ni ile ile: begi begani, macho kwa mpira, na lile swali mzae haachangi kuuliza kutoka shimo la kwanza hadi la kumi na nane. "Ni ngapi hadi bendera?"

Kitambo jibu lilitoka kwa kichwa ya kedi. Alijua kutoka ule mti wa pili hadi katikati ya grini ni yadi 140, na hakuna mtu angembishia. Sai mzae mwenyewe amevaa saa ya Garmin, ama kijana wake ametoa leza kwa mfuko, na kedi akisema 140 wanacheki skrini kwanza. Ndio maana makedi wengi wanauliza kama ni wakati wa kujinunulia GPS ya mkononi. Jibu langu fupi: pengine ndio, lakini si ile kubwa unaitamani, na si kabla ujue sheria moja inaweza kuchomea mdosi wako mashindano.

Tuanze na vile hizi vitu hufanya kazi, juu hapo ndio watu huuziwa hewa.

GPS ya mkononi ni kitu ya saizi ya simu, ama ndogo zaidi. Inasikiza setilaiti ziko huko juu kama kilomita 20,200, inajua mahali umesimama, kisha inalinganisha na ramani ya uwanja iko ndani yake. Inakupea namba tatu: mbele ya grini, katikati, na nyuma. Basi. Haioni bendera. Grini inaweza kuwa na urefu wa yadi 30 kutoka mbele hadi nyuma, na kwa wachezaji wengi kila fimbo inatofautiana na inayofuata kwa kama yadi 10. Kwa hivyo kati ya bendera ya mbele na bendera ya nyuma kuna tofauti ya fimbo tatu, na hiyo GPS haitakuambia shimo limekatwa wapi asubuhi hii. Wewe kedi ndio unajua, juu umepita hapo ama umeuliza wenye wamemaliza raundi.

Leza ni kitu ingine kabisa, ingawa watu huichanganya na GPS. Unaiweka kwa jicho kama darubini, unalenga bendera, inatuma mwanga na kuhesabu muda umechukua kurudi. Ikishika bendera vizuri, inakosea kwa kama yadi moja tu. Shida ni hiyo "ikishika vizuri." Mkono ukitetemeka unapiga mti uko nyuma ya grini, na ghafla yadi 150 inakuwa 180. Mzae akipiga hiyo 180 mpira unapotelea huko kwa vichaka, na anayeangaliwa vibaya si leza. Na kama bendera imejificha nyuma ya kilima ama kona, leza haina la kusema, wakati GPS bado inahesabu. Halafu kuna ukungu. Mwezi wa saba asubuhi, nenda Limuru Country Club uone kama leza itapata bendera. Matone ya ukungu yanarudisha ule mwanga kabla ufike.

Sasa usahihi. Simu ya kawaida kwa uwanja wazi hukosea mahali umesimama kwa karibu mita 5. Geuza hiyo kuwa yadi, ni kama tano na nusu, yaani nusu fimbo. Chini ya miti mizito inaweza kuwa mbaya zaidi. Kwa mchezaji wa hendikapu 20, ambaye mpira wake huenda kushoto, kulia na wakati mwingine nyuma, hiyo nusu fimbo si kitu. Kwa mchezaji wa hendikapu 3 ni kitu. Kwa hivyo swali la kwanza si "kifaa gani ni kali" bali "mimi hubebea nani?"

Na kabla utoe hata soo, simu iko kwa mfuko wako tayari ni GPS. Programu kama Hole19 na 18Birdies hukupa zile namba tatu za mbele, katikati na nyuma bila malipo. Watu huogopa ati itakula bundles. Zii. Setilaiti zinatuma mawimbi bure, hazijui Safaricom wala Airtel. Chenye kinakula bundles ni kupakua ramani, na hiyo unaifanyia mahali kuna waifai usiku uliotangulia. Chenye kinakumaliza ni betri: skrini ikiwaka masaa manne kwa jua la saa saba, simu ya miaka mitatu itazima kwa shimo la 12, na hapo ndio mzae anaanza kukuona wewe ni wa maneno tu. Pia uliza mkuu wa makedi kama klabu inaruhusu simu uwanjani. Kuna mahali ukionekana umeshika simu watadhani unabonga na msupa.

Tumia simu wiki mbili. Kama namba zinakusaidia na betri ndio inakuangusha, hapo sasa GPS ya mkononi inaanza kuwa na maana. Kama baada ya wiki mbili unagundua kichwa yako ilikuwa inajua namba zote, weka doo yako.

Ukiamua kununua, kitu cha kwanza kuuliza muuzaji si saizi ya skrini. Muulize: uwanja wetu uko ndani? Kampuni zinajigamba na viwanja makumi ya maelfu duniani, lakini wewe unahitaji vitatu ama vinne. Mwambie aiwashe mbele yako, atafute Royal Nairobi, Vet Lab, Railway, Karen, popote unapopata kazi. Kisha uliza ramani husasishwa vipi. Klabu ikijenga grini upya na ramani ni ya zamani, kifaa kitakupeleka mahali grini ilikuwa. Na uliza kama ramani ni za bure. SkyCaddie, kwa mfano, hutaka uanachama wa kulipia, na bei ya siku ya kwanza ikikufurahisha, ile ya mwaka ujao inaweza kukukera.

Stima nayo usiidharau. GPS nyingi za mkononi huchajiwa kwa waya kama ya simu. Garmin Approach G80 imetajwa kukaa masaa 15, hiyo ni raundi tatu hivi, kwa hivyo hata stima ikipotea mtaani usiku mmoja bado uko sawa. Leza nyingi ziko tofauti: zinatumia betri ndogo ya aina ya CR2, ambayo hutaipata kwa kiosk ya Olympic wala ya Kawangware sokoni. Inabidi uende tao. Kama unachukua leza, nunua betri mbili siku hiyo hiyo.

Maji pia. Tafuta maandishi IPX7, maana yake kifaa kinavumilia kuzama kwa mita moja ya maji kwa dakika 30. Mvua ya Aprili haitaiua.

Na yadi ama mita? Hakikisha kifaa kinahesabu kama kadi ya uwanja na kama mzae wako. Yadi 150 ni mita 137. Ukisoma mita na yeye anasikia yadi, mpira unaanguka fupi kabisa, kwa maji kama kuna maji.

Bei sasa. Garmin G80 ilipotoka iliuzwa dola 499.99 huko Marekani. Dola ikiwa karibu shilingi 130, hiyo ni kama 65,000 kabla ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16. Bushnell Phantom, kale kadogo kana sumaku ya kushikilia kwa begi, ilitoka ikiwa karibu dola 100, yaani kama 13,000 kabla ya hizo gharama zingine. Fanya hesabu ya mtaa. Tuseme juu ya GPS yako mzae anakuongezea soo moja kwa kila raundi, na unabeba raundi nne kwa wiki. Ile ya 13,000 inajilipa kwa raundi 130, kama miezi nane. Ile ya 65,000 ni raundi 650, zaidi ya miaka mitatu, na hiyo ni kama haijaibiwa ama kukanyagwa na mkokoteni wa gofu. Skrini kubwa ya rangi ni tamu, lakini mimi singekushauri. Kedi anahitaji namba tatu zinazosomeka juani. Picha za banka anazijua, amezifukua mchanga miaka yote.

Halafu ile sheria. Tangu 2019, sheria za gofu zinaruhusu vifaa vya kupima umbali, isipokuwa kamati ya mashindano iweke sheria ya hapo nyumbani ya kuvikataza. Hata PGA Championship ya Marekani iliviruhusu kuanzia 2021. Lakini kupima umbali ni kitu moja, na kupima mwinuko ni kitu ingine. Vifaa vingi, hasa leza, viko na kitu kinaitwa slopu: kinaangalia kama grini iko juu ama chini, kisha kinakuambia "piga kama ni 158" badala ya 150. Kwa mashindano hiyo imekatazwa. Pia imekatazwa kifaa kikuchagulie fimbo kulingana na mahali mpira uko. Ukikitumia mara ya kwanza, adhabu ni mikwaju miwili, ama kupoteza shimo kama ni mtu kwa mtu. Ukirudia, nje.

Na adhabu haiji kwako. Sheria ya 10.3 inasema mchezaji ndiye anawajibika kwa matendo ya kedi wake. Yaani wewe ukibonyeza slopu kwa nia safi kabisa Jumamosi ya mashindano ya klabu, mzae wako ndiye anaongezewa mikwaju miwili, anakosa zawadi, na wiki ijayo begi lake liko kwa bega la msee mwingine. Kwa hivyo nunua kifaa ambacho hakina slopu, ama chenye slopu inazimwa kwa kitufe kinachoonekana kwa nje, ili mwenzake mzae akiuliza unamwonyesha bila kelele.

Kuna kitu kingine namba haitakuambia. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huruka mbali zaidi, kwa hesabu ya kawaida kama asilimia 6. Fimbo inayopiga 150 pwani inakaribia 159 hapa. Mzae akitoka Nyali kucheza Royal, GPS itampa umbali wa ardhi tu. Ni wewe utamwambia ashushe fimbo moja, na kumwambia hivyo si makosa, juu ushauri wa kedi umeruhusiwa kabisa. Hapo pia ndio naona wale wanasema vifaa vitamaliza makedi wamekosea. Saa ya Garmin haijui upepo unaingiaje kati ya ile miti, haisomi grini, na haijui kuwa mzae akisha-kasirika hupiga kulia. Msee mwenye ako na namba na hizo zingine ndio ataitwa kwanza.

Mwisho ni pale utanunua, na hapa nataka unisikize vizuri. Mitandaoni na tao kuna GPS na leza za mtumba za bei ya kutupa. Zingine ni safi, mtu amenunua mpya akauza ya zamani. Zingine zimeanguka kutoka kwa begi la mtu. Kifungu cha 322 cha Penal Code ya Kenya kinasema kushika mali ya wizi ukijua, ama ukiwa na sababu ya kuamini ni ya wizi, ni kosa la hadi miaka 14 ndani. Sasa fikiria wewe, kijana, saa moja usiku, unashuka kuelekea Kibera ama Gatwekera ndani ndani na kitu ya 40,000 imeandikwa Bushnell. Karao akikupapasa ataanza kwa kuuliza risiti. Na ikitokea kifaa kimepotea kwa klabu wiki hiyo hiyo, wa kwanza kushukiwa si mwanachama.

Kwa hivyo usinunue bila risiti yenye jina lako na namba ya siri ya kifaa, ile iko nyuma ama chini ya betri. Piga picha ya risiti na ya hiyo namba, jitumie kwa WhatsApp, na mwonyeshe mkuu wa makedi siku ya kwanza ukiingia nayo klabu. Kama ni mzae amekupea GPS yake ya zamani, hiyo ni zawadi poa sana na hutokea, lakini mwombe kwa heshima akutumie meseji inayosema amekupa, na hiyo namba iwe ndani. Atakuelewa. Meseji usiifute hata simu ikijaa.