Usikate bitana ya mfarishi kabla ya kupiga hesabu

Je, umewahi kumaliza kushona vipande vya juu vya mfarishi, ukanunua bitana, kisha ulipoitandaza ukakuta imepungua vidole vinne? Kama bado, shukuru Mungu, na usome makala haya kabla siku hiyo haijafika.

Tuseme chama chenu cha kina mama kule Kibera kimepata oda ya mfarishi mmoja. Vipande vya juu mwaweza kuviokota kwa bei nafuu, pengine bure, kwa mafundi wa cherehani wa Makina au soko la Toi. Bitana, yaani kitambaa cha chini kinachofunika pamba, haiokotwi. Hununuliwa dukani. Ndipo faida ya majuma mawili ya kazi huokolewa au hupotea.

Pima kwanza

Chukua mfarishi wa kitanda cha futi 4 kwa 6. Ukitaka uning'inie kidogo pembeni, upana wake utakuwa sm 180 na urefu sm 220. Sasa ongeza sm 10 kila upande, kwa kuwa tabaka tatu zikishonwa pamoja vitambaa husogea na kuvutana. Basi bitana yako ni sm 200 kwa sm 240.

Usipime kwa macho. Kama chumba chako ni cha futi 10 kwa 10 na kitanda kimo humo humo, tandaza mfarishi juu ya kitanda, mwenzako ashike upande wa pili.

Kitambaa chembamba

Kitenge na vitambaa vingi vya dukani vina upana wa inchi 45, yaani sm 114. Kimoja hakitoshi, lazima uunge viwili. Ukivilaza kwa urefu wa kitanda, utahitaji vipande viwili vya sm 240, jumla mita 4.80. Ukivilaza kwa kukingama, viwili havitafika sm 240, hivyo utanunua vitatu vya sm 200, jumla mita 6. Umeona? Kugeuza tu kitambaa kumeokoa zaidi ya mita moja!

Tena usisahau kwamba pamba hunywea ikifuliwa, hasa marikani, ile iliyopata jina lake kwa kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19. Ongeza sm 6 kwa kila mita, nunua mita 5.10, na uifue kabla ya kukata.

Kitambaa kipana

Kipo pia kitambaa cha bitana chenye upana wa inchi 108, yaani sm 274. Hapa wengi hukosea. Huomba mita 2.40 kwa kufuata urefu wa mfarishi. La! Ugeuze mfarishi, urefu wake ulale kwenye upana wa jora. Hizo sm 274, hata zikinywea, zitazifunika sm 240. Kilichobaki cha kununua ni sm 200 tu. Ongeza za kunywea, nunua mita 2.15.

Sasa bei. Tuseme chembamba ni shilingi 200 kwa mita na kipana shilingi 440. Ukitazama bei ya mita moja utakimbilia chembamba. Lakini piga hesabu ya bitana nzima: chembamba ni shilingi 1,020, kipana ni shilingi 946, tena hakina mshono wa katikati. Bei zikibadilika, njia ni ile ile: linganisha bitana nzima kwa bitana nzima, wala si mita kwa mita.

Shuka la mtumba

Na mfuko ukiwa mwepesi? Tafuta shuka kubwa la pamba kwenye mitumba ya Toi. Hilo limekwisha kufuliwa mara nyingi, halitanywea sana. Nenda na utepe wako. Lisipungue sm 200 kwa sm 240 bila kuhesabu pindo. Kisha liinue juani ulitazame katikati. Mwanga ukipenya kuliko pembeni, limechakaa, liache. Liwe laini pia, maana lililofumwa kwa kubana sana huisumbua sindano ya mkono.

Andika hesabu yako kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani, nawe muuza duka hatakuyumbisha. Kitambaa kilichokwisha kukatwa hakirudishwi, na majuto ni mjukuu.